Darasa Moja na Mama

4 Novemba

Monsieur Placide, mwalimu wetu wa utangazaji, ameamuru kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aandike shajara mpaka mvua ziishe, tena kwa Kiswahili safi, si kile cha barabara za mji wetu wa Likasi. Anasema anayetaka kusema na watu elfu azoee kwanza kusema na karatasi. Hatazisoma. Atatazama tu kama kurasa zimejaa. Basi nitaandika ukweli.

Ninaitwa Kapinga Laure, nina miaka ishirini, nimezaliwa mtaa wa Panda, katika kambi ya wafanyakazi. Nimekubaliwa kusoma utangazaji na mawasiliano ya dijitali katika chuo kimoja cha binafsi hapa mjini. Siku hii niliingojea tangu shule ya msingi, nilipokuwa nikishika kijiko mbele ya mdomo na kuwasomea wadogo zangu habari za kuku wa jirani. Leo nimeingia darasani, na Mama ameingia pamoja nami.

Hakunisindikiza. Amejiandikisha. Ngalula Adrienne, miaka arobaini na minne, mama wa watoto watano, ameketi safu ya mbele na daftari lililofunikwa kwa gazeti na kalamu mbili, ya bluu na ya nyekundu. Mwaka jana alifanya mtihani wa diploma ya serikali, ule wa kumaliza sekondari, baada ya kujisomea mwenyewe nyumbani, akafaulu. Papa, baba yangu, alidhani ataitundika ukutani. Miaka kumi na moja Mama amesoma matangazo ya parokia yetu kila Jumapili, ndoa na misiba na zamu za kufagia kanisa, na kumbe miaka yote hiyo alikuwa na hamu ya kitu zaidi. Mimi sikujua. Hakuna aliyemwuliza.

5 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Matope mekundu mpaka vifundoni. Mama ameinua mkono kabla ya wote na ameuliza maswali manne.

8 Novemba

Jessy, msichana mcheshi anayeketi karibu nami, ameniuliza yule mama wa safu ya mbele ni nani, maana ametuona tukija kwa njia moja. Wakati huo Mama alikuwa akimwomba Franck, kijana anayejua kila kitu, amwonyeshe jinsi ya kuwasha kompyuta. Alikuwa ameinama mbele ya mashine kama anayechungulia chungu, na vijana wa nyuma walikuwa wanacheka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni jirani yetu wa Panda."

Jessy akasema sawa, tukaendelea na mengine.

Jioni tumekula bukari, ugali wetu, na mchicha wa lengalenga. Sikuinua macho kutoka kwenye sahani.

11 Novemba

Mama amesoma habari kwa mara ya kwanza. Monsieur Placide alimkatiza kwenye mstari wa tatu, akamwambia hapa si kanisani, tena hicho ni Kiswahili cha sokoni. Darasa likacheka. Mama akaandika kitu kwa kalamu nyekundu, akashukuru, akaketi. Nyumbani nilidhani atalalamika. Alisema tu, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Sikukuya kusifiwa. Nilikuya kusoma."

14 Novemba

Mama ameliambia darasa lisimwite Mama Fulani wala nini, wamwite Adrienne tu. Panda nzima inamwita Mama Laure, kwa kuwa mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Naona anataka kuwa msichana. Imenichukiza kidogo. Siku hizi pia anatoka nyumbani nusu saa kabla yangu. Anasema yeye anatembea polepole.

19 Novemba

Umeme hakuna tangu juzi. Tumesoma habari bila maikrofoni, kila mtu ameshika kalamu mbele ya mdomo. Radi ikipiga tunangoja, kisha tunaendelea.

25 Novemba

Somo la montage, yaani kukata na kuunganisha sauti kwenye kompyuta. Mama amebonyeza pasipostahili na kazi ya kundi zima ya wiki mbili imefutika. Franck alisema mbele ya wote kwamba kila kitu kina umri wake. Mama aliomba msamaha kwa kila mmoja kwa jina. Alipofika kwangu aliniita "Mademoiselle Laure". Nikamjibu haina shida, kama vile mtu anavyomjibu jirani.

2 Desemba

Leo nimejua jambo, na sijui nitaliandikaje.

Tulikuwa tumejikinga mvua chini ya bati la sekretarieti, mimi na Jessy. Akasema, bila nia yoyote mbaya, kwamba jirani yangu Adrienne ananipenda sana. Nikamwuliza amejuaje. Akanisimulia kwamba siku chache baada ya masomo kuanza alimwambia Mama, "Laure amesema muko bajirani." Mama akakubali, akasema, "Njo, tuko bajirani. Ule mutoto iko na akili."

Nikamwuliza Jessy ilikuwa siku gani. Akasema ilikuwa siku moja kabla ya ile Adrienne alipotuomba tumwite kwa jina lake.

Basi nikaelewa yote. Hakutaka kuwa msichana. Alijua kwamba mtu mmoja akimwita Mama Laure, uongo wangu utaanguka na mimi nitaaibika. Aliondoka nyumbani mapema ili nisionekane naye njiani. Wiki tatu amenibebea uongo wangu kichwani kama beseni, na mimi nilimdhania anajivuna.

Sikungoja mvua ikatike. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamkuta jikoni anachambua mboga. Nikasimama mlangoni nikichuruzika maji, nikamwambia, "Mama, nilisema weye ni jirani."

"Najua."

Nikamwuliza sababu. "Juu ya nini haukuniambia?"

Aliendelea na majani mawili, matatu. "Ile chuo ilikuwa fasi yako tangu ukiwa mutoto kabisa. Minye njo niliingia bila kubisha hodi."

Nilitaka anigombeze. Ingekuwa rahisi zaidi. Akanisogezea kigoda, akasema nibadili nguo kwanza, kisha nishike majani upande wangu, tumalize kabla Papa hajatoka kazini.

6 Desemba

Zoezi lilikuwa picha ya sauti: dakika mbili kumweleza mtu mmoja ili asikike kama anaonekana. Niliacha niliyokuwa nimeandika juu ya fundi baiskeli. Nilianza hivi: "Mtu huyu niliwaambia ni jirani yangu. Ni mama yangu mzazi."

Jessy alinigeukia. Franck akatazama viatu vyake. Nikaendelea: jinsi alivyosoma vitabu vya mtihani huku sufuria ikichemka, jinsi anavyosoma majina ya marehemu kanisani bila kukosea hata moja, jinsi alivyoficha kosa langu. Nilipomaliza, Monsieur Placide hakusema ni kazi nzuri wala mbaya. Aliomba nirudie yote tangu mwanzo.

Mama wakati wote alikuwa ameinamia daftari. Nilidhani analia. Baadaye nikaona alichokiandika kwa kalamu nyekundu: *Laure anavuta pumzi katikati ya sentensi. Nimwambie apumue kwanza.*

10 Desemba

Darasa lote sasa linamwita Mama Laure. Hata Monsieur Placide.

24 Desemba

Misa. Mama amesoma matangazo na leo nimemsikiliza kama mwanafunzi. Kabla ya jina la marehemu anangoja kidogo, muda wa mtu kuvua kofia. Hakuna aliyemfundisha hilo.

9 Januari

Tumerudi chuoni. Kila alasiri namfundisha Mama montage. Kipanya cha kompyuta anakishika kama yai. Leo amekata sentensi moja vizuri na kuiunganisha na nyingine, akaisikiliza mara sita, akacheka peke yake.

Monsieur Placide ameanza somo jipya, la kuchunguza habari za mitandaoni. Nani amesema, lini, wapi, ameona au amesikia. Sheria yake ni moja: mashahidi wawili wasiojuana, au mdomo ufungwe. Nimelipenda somo hili kuliko yote. Naanza kuona kwamba kazi yangu huenda haiko kwenye maikrofoni.

27 Januari

Mvua. Bati la jirani limeng'oka. Mama na Papa wamelipigilia pamoja, Papa juu, Mama chini akimwambia apigilie wapi.

11 Februari

Mkono unauma, lakini leo lazima niandike yote.

Mvua ilikuwa inanyesha siku ya nne mfululizo. Zamu ya redio ya chuo ilikuwa ya kundi letu: Mama kwenye maikrofoni, Jessy kwenye mitambo, mimi wa kutafuta habari. Redio yetu ni ndogo, lakini inasikika mji mzima, na hewa ikiwa nzuri hata wavuvi wa ziwa Tshangalele wanaipata. Saa tano asubuhi simu zetu tatu zililia kwa pamoja. Ujumbe wa sauti, mwanamume anahema: bwawa la Koni limepasuka, maji yatafika Likasi kabla ya adhuhuri, kila mtu akimbilie mlimani. Chini yake video: ukuta wa saruji unabomoka, maji ya rangi ya udongo yanafagia magari.

Hatujamaliza kusikiliza, kelele zikaanza barabarani. Nilikwenda dirishani. Wanawake walikimbia na mabeseni, bidhaa zikimwagika. Mwanamume alibeba godoro kichwani, limelowa, linamwangukia usoni. Watoto wa shule katika sare zao walikuwa wakilia na kuitana majina. Kwenye kona bibi mmoja mzee alianguka, na watu wakamruka, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka dereva wa pikipiki alipoacha chombo chake na kumwinua.

Jessy alikuwa analia na kutafuta mkoba wake. Mama akamshika mkono, akamwuliza taratibu kama maji ya Koni yatapanda mlima ili kutufuata. Ni kweli. Koni iko mbali na iko chini yetu, na mto Lufira ukitoka pale unaenda zake mbele, haurudi Likasi. Nikasema basi tuwashe maikrofoni, tuwaambie watu hivyo sasa hivi.

Mama akakataa, maana kwake hayo hayakuwa habari bado. "Ile ni mawazo, haina habari. Na kama ni kweli imepasuka? Bale ba chini ya muto, utabaambia balale?"

Nilikuwa nimefikiria mji wetu tu, si wale wanaokaa mto unakoelekea.

Tukagawana kazi. Niliifungua video, nikaisogeza polepole, picha moja moja. Magari yote yalikuwa yanapita upande wa kushoto wa barabara. Kwetu tunapita kulia. Kwenye duka moja kulikuwa na maandishi ambayo siyajui hata herufi zake. Nikaitafuta picha ile mtandaoni, mtandao ukisuasua, nikaipata: ya nchi nyingine, ya miaka mingi iliyopita.

Mama alikuwa anampigia mdogo wake, mjomba Germain, anayefundisha shule karibu na Koni. Mara tano simu ilikataa. Mara ya sita ilipokelewa, na nyuma yake tukasikia watoto wakiimba hesabu za kuzidisha. Mama hata hakumsalimu; alitaka aliyoyaona, si aliyoyasikia. "Germain, toka inje. Angalia na macho yako, kisha uniambie. Haina yenye unasikia."

Tukasikia miguu yake ikikanyaga maji. Tukasikia anahema.

"Yaya," akamwambia dada yake, "ukuta iko fasi yake. Maji ni mingi, lakini ukuta iko mzima."

Huyo ni shahidi mmoja. Hapo Jessy akajifuta macho, akasema ana shangazi, Émilienne, muuguzi wa dispansari upande wa chini wa mto. Germain na Émilienne hawajawahi kuonana. Jessy akapiga, nami nikaandika neno kwa neno: mto umejaa kama kila mwaka, haujatoka njiani, yeye mwenyewe amesimama ukingoni anautazama.

Ndipo Monsieur Placide akaingia, shati limemgandia mwilini. Akasema tusiseme chochote mpaka wakuu wa mji waseme. Tukikosea, redio itafungwa, na hilo ni dogo; kubwa ni kwamba maiti zitakuwa mikononi mwetu. Sikumwona kama mwoga. Alisema kama mtu anayeujua uzito wa kitu alichokishika.

Mama akasimama. Mbele yake alionekana mfupi sana.

"Monsieur, ulitufundisha mashahidi babili benye habajuane. Tuko nabo. Mumoja iko ku ukuta, mungine iko chini ya muto. Ile video, Laure ameipasua yote. Na bantu banaumia pa barabara sasa hivi."

Monsieur Placide aliichukua karatasi yangu, akaisoma mara mbili. Akaniuliza mimi, si Mama, swali moja tu: hawa wawili wameona wenyewe? Nikajibu wameona wenyewe. Akatungua vidude vya masikioni kutoka kwenye msumari, akamvisha Mama kwa mikono yake.

"Soma, Mama Laure," akasema. "Kwa Kiswahili cha hapa."

Taa nyekundu ikawaka. Mama akapumua kwanza.

"Bandugu ba Likasi, musimame kidogo, musikilize. Ni Adrienne Ngalula wa Panda. Bwawa ya Koni haikupasuka. Muntu mwenye iko kule ameiona na macho yake, sasa hivi. Mungine mwenye iko chini ya muto ameona maji: ni mingi, lakini inapita mu njia yake. Ile video haina ya kwetu, ni ya inchi ingine. Benye banabeba batoto, mutembee polepole. Mwenye ameacha moto ku jiko, arudie azime. Benye baliangusha muzee, bamuinue."

Alirudia kila dakika tano, mpaka saa nane. Sauti ile ile, kama ya Jumapili anapotangaza nani atafagia kanisa. Niliendelea kumpigia Germain na Émilienne kila nusu saa, na kila mara Mama alitaja saa waliyosema. Kupitia dirishani niliona barabara ikipunguza mwendo. Mwenye godoro aliliweka chini, akaketi juu yake kwenye mvua, akisikiliza redio ya simu ya mtu mwingine. Saa saba wakuu wa mji wakatoa tangazo lao, nalo lilisema kama letu.

Papa alitusikia kiwandani. Wenzake walipomwuliza ile ni sauti ya nani, kwa maelezo yake mwenyewe alijibu hivi, akimwita mkewe bibi kama tunavyosema hapa: "Mwenye kusema ni bibi yangu, mwenye kutafuta ni binti yangu. Minye njo mwenye kungojea chakula." Ametusimulia mara tatu tangu aingie, na kila mara wenzake wanaongezeka.

Ninajivuna leo. Naandika hivyo wazi, kwa Kiswahili safi.

12 Februari

Jessy amenieleza kwamba jana, kabla hata hajaisikiliza ile sauti hadi mwisho, alikuwa ameshaituma kwa familia yake yote. Mama yake alikimbia na watoto akaacha maharagwe motoni. Majirani waliuzima moto ukiwa umeshika pazia. Amemwomba Monsieur Placide nafasi aseme hewani jinsi alivyofanya. Mama alimfundisha wapi apumue. Simu zilizoingia baada ya kipindi chake zilizidi za siku yoyote, na karibu kila mpigaji alisema na yeye aliituma.

17 Februari

Sokoni, Mama aliuliza kama samaki ni wa leo, na mwuzaji, Fortunée wa Tshangalele, akamjua kwa sauti. Alituchagulia mwenyewe walio wazuri. Mama alitembea mpaka nyumbani bila kusema, mgongo umenyooka.

3 Machi

Mitihani. Sina nafasi.

14 Machi

Mtihani wa montage. Umeme ulikatika katikati, tukapewa muda wa ziada. Mama ametoka wa mwisho. Sikumwuliza.

28 Machi

Mvua zimepungua. Leo yametoka matokeo ya nusu ya kwanza ya mwaka.

Idara yetu, kumbe, ina desturi yake: mwanafunzi aliyepata pointi za juu katika usomaji wa habari ndiye husoma matokeo ya wote, uwanjani, mbele ya wazazi. Karatasi hapewi mapema. Anaifungua pale pale, kama mtangazaji anavyoletewa habari mbichi. Monsieur Placide akasimama na bahasha na kuita, "Ngalula Adrienne."

Kelele iliyopigwa sijui niielezeje. Franck alipiga mluzi. Papa, ambaye alikuwa amevaa koti la harusi yake, alisahau kwamba anapaswa kupiga makofi, akabaki tu ameinua mikono.

Mama akafungua bahasha, akapumua, akaanza kwa mpangilio wa herufi. Kila jina alilipa haki yake. Waliofaulu aliwasoma wazi, na wanaorudia somo aliwasoma wazi vile vile, bila kuharakisha na bila kuwahurumia kwa sauti. Alipofika K akasema, "Kapinga Laure, amefaulu kwa distinction," yaani kwa alama za juu, na hakuongeza kitu, wala hakunitazama, ingawa kidole gumba chake kilikuwa kimeikunja karatasi. Kwenye L akamsoma Franck, kwa jina la ukoo wake: amefaulu.

Kisha akafika N.

Nilimwona ameona. Mimi peke yangu, labda na Papa. Hakusita zaidi ya mahali pa mkato.

"Ngalula Adrienne. Utangazaji, wa kwanza. Montage, hakufaulu, atarudia."

Sauti haikushuka. Haikupanda. Alilisoma jina lake kama alivyosoma ya wenzake. Watu hawakujua waone haya au wafanye nini. Nikasimama juu ya benchi langu, nikaanza kupiga makofi. Jessy akasimama, Franck akasimama, Monsieur Placide akaweka faili lake chini ili mikono iwe huru, mpaka uwanja mzima ukawa umesimama.

Mama alingoja. Akatutazama juu ya karatasi, kisha akasogea karibu na maikrofoni.

"Mukae kwanza," akasema. "Iko majina ingine."

Akaendelea na T.